Usingoje Turubai Lifungwe Ndipo Uandike Wasifu wa Mama

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tukuyu aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Nilisoma ulichoandika baada ya kumzika mama yako. Mama yangu ana miaka 91, ni Mmoravian tangu kuzaliwa, yeye na mzee wameishi pamoja zaidi ya miaka sitini. Sasa hatoki tena ndani. Kaka zangu wamenipa kazi ya kuandaa wasifu kwa sababu mimi ndiye niliyesoma. Nimeandika nusu ukurasa nimekwama. Naomba unisaidie."

Marahaba, mdogo wangu. Nimeona nikujibu hapa hapa, kwa kuwa tangu tumzike Mama swali hili naulizwa kila mara, kanisani, kwenye simu, hata sokoni. Na najua wengi mnaonisoma mna mama au bibi wa umri huo, na kila mmoja wenu anatamani siku ikifika asomewe kitu kinachofanana naye.

Huo nusu ukurasa wako sijauona lakini naujua. Alizaliwa, akabatizwa, akapata kipaimara, akafunga ndoa takatifu na mzee wetu, wakajaliwa watoto kadhaa. Alikuwa mcha Mungu, mpole, mkarimu na mpenda watu. Alianza kusumbuliwa na presha. Ameacha watoto, wajukuu na vitukuu. Bwana alitoa na Bwana ametwaa, jina la Bwana lihimidiwe. Hakuna uongo hata neno moja hapo. Shida ni kwamba wasifu huo unaweza kusomwa Rungwe leo, kesho ukasomwa Rombo, keshokutwa Bukoba, kikabadilishwa jina na picha ya mbele tu, na hakuna atakayegundua.

Hivyo ndivyo alivyosomewa bibi yangu mzaa mama. Tulimzika Mamba, Kilimanjaro, mimi nikiwa sekondari. Bibi alikulia kwenye usharika ulioanzishwa na misheni ya Leipzig mwaka 1894, mwaka mmoja tu baada ya Machame. Wamisionari wa Kijerumani aliwaona wakiondolewa mara mbili, baada ya vita ya kwanza na tena vita ya Hitler, na mara zote mbili aliona walimu na wazee wa Kichagga wakibaki wanashikilia ibada, shule na mafundisho ya kipaimara. Hayo niliyajua baadaye sana. Siku ya mazishi yake mzee mmoja wa kamati alisimama na karatasi, akasoma sentensi chache, na ukoo wa kwao Bibi alikozaliwa akaukosea. Utaratibu wa magari ulitangazwa kwa muda mrefu kuliko maisha ya bibi yangu, tena mara mbili. Usiku tukiwa nyuma ya jiko tunasugua masufuria kwa majivu, Mama alisema, "Mama yangu leo hakusomwa." Hakuongeza lingine. Jambo hilo bado linaniuma, na nikisikia mtu anasema wasifu ni sehemu ya ratiba tu, linaniuma upya.

Kwa hiyo Mama alipoanza kuzeeka nikajiambia, huyu atasomwa.

Mama naye alizaliwa Mamba, akaolewa Mwika mwaka 1957. Tangu azae mtoto wa kwanza watu walimwita kwa jina la kaka yetu mkubwa, Mama Fulani, na ndivyo alivyoitwa hadi anafumba macho. Siku tunamzika, wapo wanawake walioimba naye kwaya miaka mingi ambao ndiyo kwanza wanalisikia jina lake la ubatizo. Jina lake la Kichagga ndiyo kabisa, hawakuwahi kulisikia. Basi ushauri wangu wa kwanza ni huu, na nitaurudia: usianzie kwenye ndoa. Mama yako alikuwa mtoto wa watu kabla hajawa mke wa baba yako. Alikuwa na ukoo, na njia aliyopita kwenda shule, na dada aliyelala naye kitanda kimoja. Sisi watoto tuna tabia ya kudhani mama alianza kuishi siku tulipomwona sisi.

Nilianza kumuuliza likizo za Desemba, wakati Wachagga wote tunapanda nyumbani. Sasa, ukimwambia mama wa umri ule "nisimulie maisha yako," atakujibu kama Mama alivyonijibu: "Maisha yangu yana nini? Nimelima, nimezaa, nimesali." Na atarudi kwenye maharage yake anayoyachambua. Muulize kitu kinachoshikika. Mimi nilimuuliza habari za mrututu.

Waliozaliwa juzi hawaujui mrututu. Ni ile dawa ya bluu iliyokuwa ikichanganywa na maji kupulizia kahawa isishikwe na magonjwa. Sebuleni kwetu ipo picha ya Baba amebeba pampu mgongoni, amesimama katikati ya mibuni, na watoto wote tumekua tukijua kwamba kupulizia dawa ilikuwa kazi ya Baba. Mama akaniambia, pampu ile ilikuwa inakunywa maji. Na maji yalitoka kwenye mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, au mfongo ukikauka, mtoni kule bondeni, na aliyeyapandisha kichwani ndoo baada ya ndoo, mara nyingine ana mimba, ni yeye. Mvua ikishuka jioni inaosha dawa yote, kesho mnaanza upya. Kisha akanyoosha viganja vyake kwenye mwanga wa dirisha, akanionyesha kwa kidole mistari ya mkononi. "Hapa palikuwa bluu mpaka Pasaka. Nilikwenda Meza ya Bwana na mikono ya bluu, mchungaji akaniuliza kama ninaumwa."

Niliandika maneno yale yale. Sikuyasafisha.

Kutoka hapo nikauliza habari za ada, kwa sababu jambo la maji lilikuwa limenifungua macho. Kwetu kahawa ilikuwa ya baba, ndizi na maziwa vilikuwa vya mama. Malipo ya kahawa kutoka KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, yaliandikwa jina la mume. Serikali ilipovunja vyama vya ushirika mwaka 1976 yakaendelea kuandikwa jina la mume, na vyama viliporudi miaka ya themanini ikawa vilevile. Ndiyo maana kwenye kila msiba wa mzee wa kwetu utasikia kwamba alisomesha watoto kwa kahawa. Sisemi si kweli. Baba alifanya kazi, na Mungu amrehemu. Lakini kahawa inalipwa kwa msimu, na shule haingoji msimu. Daftari, sare, nauli ya kurudi bwenini, pesa ya mtihani, vilitoka kwenye mikungu ya ndizi aliyobeba Mama kichwani kwenda soko la Mwika, na siku bei ikiwa mbaya akashuka nayo mpaka Himo. Ng'ombe aliyetoa maziwa alikuwa anafungiwa ndani kwa sababu kihamba, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hakina pa kuchungia, kwa hiyo majani yake pia yalipanda mlima juu ya kichwa cha mtu, na mtu huyo unamjua.

Mdogo wangu wa Tukuyu, kwenu kuna chai, kuna kahawa, kuna migomba. Tafuta nani alibeba. Ukishajua nani alibeba, nusu ya wasifu unao.

Tarehe. Hapa sitakaa sana. Kitambulisho cha Mama kilisema alizaliwa Januari mosi 1940, na nyote mnajua Januari mosi za wazee wetu zinatoka wapi. Lakini yeye alikuwa akisema mama yake alimbeba mgongoni mwaka ule wa ghasia za kahawa, wakulima walipokasirika kwa kulazimishwa kuuza kupitia chama hadi maghala yakashambuliwa. Ghasia hizo zilikuwa 1937. Nikaenda ofisi ya usharika wa kwao Mamba, nikaomba kwa adabu waniangalizie kitabu cha ubatizo, na jina lake likapatikana mwaka huo huo wa 1937, pamoja na majina ya wazazi wa ubatizo. Sharika na parokia za zamani zimetunza vitabu hivi vizuri, ubatizo, kipaimara na ndoa, vingine vya mwanzo vimeandikwa kwa Kijerumani. Wakatoliki mnavyo, Waanglikana mnavyo, na Wamoravian wa Rungwe mpo tangu 1891. Nenda wakati mama yako yupo hai, ukimsomea kilichoandikwa mle atakumbuka mengine.

Jambo nililolipenda kuliko yote katika wasifu ule sikulipata kwa Mama. Nililipata kwa jirani.

Huyu ni mama mmoja wa rika lake, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Nilikwenda kumjulia hali, nikamuuliza tu, "Mama yangu ulimjuaje?" Akanyoosha mkono wa kulia. Akasema, "Mama yako alinishika mkono huu akaniandikisha jina langu. Kabla ya hapo nilikuwa naweka dole gumba." Nikabaki nimeduwaa. Kumbe mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mtaani kwetu walitafuta wanawake waliopita darasa la nne la misheni wawafundishe wenzao. Mama alikuwa mmoja wao. Jioni, akishakamua ng'ombe na kutulisha, alikuwa anachukua kibatari anashuka kwenye chumba cha shule kufundisha akina mama wenzake a, e, i, o, u. Mimi ni binti yake, nimekula mkono wake miaka yote, nimepata shahada, na sikuwahi kulisikia hilo nyumbani. Nilipomuuliza akasema, "Ah, ile? Ilikuwa kidogo tu."

Ilikuwa kidogo tu! Kuna mwanamke anasoma Biblia yake mwenyewe mpaka leo kwa sababu ya hiyo kidogo tu.

Kwa hiyo waulize wasio watoto wake. Watoto tunajua mama alivyopika. Jirani, wifi, mwanakwaya mwenzake, mdogo wake wa tumbo moja, hao ndio wanajua alikuwa nani. Na nenda mapema, kwa kuwa nao ni wazee, wanaondoka pamoja naye.

Miaka ya shida niliipita haraka, ule unga wa mahindi ya njano tuliouita wa Yanga miaka ya sabini, sabuni ilipokosekana wakafulia majani ya mpapai, kwa sababu kila aliyeketi pale msibani na umri wa kutosha aliiishi mwenyewe. Sentensi mbili zilitosha.

Sasa kanisa. Hapa ndipo wasifu za mama zetu zinapokauka. "Alikuwa mwaminifu sana kanisani." Mwaminifu kwa lipi? Mama alikuwa na bati la biskuti chini ya kitanda, na ndani yake amepanga kadi zake za ahadi za usharika, mwaka juu ya mwaka, zimefungwa kwa uzi wa kufumia. Kila Jumapili aliyotoa ina alama. Nilizifungua mbele yake nikawa naangalia pale palipo wazi, nikamuuliza moja baada ya nyingine, na kila pengo alikuwa na habari yake. "Hapo nilikuwa nimejifungua wewe. Hapo baba yako alikuwa amelazwa. Hapo mvua ilivunja daraja. Hapo tulizika." Jumapili za nyumba yetu nzima zilikuwa kwenye bati lile. Nilijifunza habari za familia yangu kutoka kwenye mapengo kuliko kutoka kwenye alama.

Na mavuno. Mlutheri yeyote anajua ile sikukuu, watu wanavyopanga mbele ya madhabahu mikungu, mahindi, kuku waliofungwa miguu, na baada ya ibada mnada unapigwa nje. Mama alinisimulia mwaka mmoja wa ukame alipokuwa na mayai matano tu. Aliona haya, akayafunika na jani la mgomba. Mzee wa kanisa akayanadi, mtu akayanunua akayarudisha yauzwe tena, mwingine akayanunua naye akayarudisha, hadi mayai yale yakaleta fedha nyingi kuliko mbuzi aliyekuwepo siku ile. Alipokuwa akiisimulia habari hii uso wake wote ulikuwa unacheka. Aliitafsiri kwa namna yake: "Mungu hakunitania mbele za watu." Hilo nalo niliandika kama alivyolisema.

Mambo mawili yalileta mvutano kwetu, na nayataja kwa sababu kwenu pia yatatokea.

La kwanza ni watoto. Mama alizaa tisa, tumekua saba. Wawili walichukuliwa na surua wakiwa wadogo, kabla mimi sijazaliwa. Kwenye rasimu iliyoandaliwa na familia iliandikwa "alijaliwa watoto saba." Nilikataa. Kaka yangu mmoja akasema ni mambo ya zamani, tusiwaumize watu. Nikamwambia kaka, samahani, lakini Mama ndiye aliyewabeba, na kila tulipouliza habari za uzazi wake alianza kuhesabu na wao. Wakasomwa wote tisa, kwa majina, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mkifika hapo kwenu, msiwaache waliotangulia. Mama hajawaacha.

La pili ni kihamba. Baba alifariki 1993. Mwaka haujaisha, ndugu mmoja wa ukoo akaja na maneno kwamba mwanamke hana kihamba, arudi kwao au akae kwa hisani. Wakati ule sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999, inayompa mwanamke haki sawa na mwanamume, ilikuwa bado haijatungwa. Mama alikwenda kwa wazee wa ukoo, wakamzungusha. Akaenda baraza la kata, akiwa amevaa sare yake ya kikundi cha wanawake wa usharika, na wenzake wa kikundi wakaja wakaketi nyuma yake kimya. Alishinda. Kaburi lake lipo kwenye kihamba hicho, pembeni ya Baba.

Je, jambo la namna hiyo lisomwe msibani, watu wa ukoo wakiwepo? Nililifikiria sana. Mchungaji naye nilimwendea. Tuliishia kwenye maneno haya: "Baada ya kufiwa na mume wake, alisimama mwenyewe kutetea kihamba hiki tulichoketi leo, na Mungu akamsaidia." Jina la mtu halikutajwa na hakuna aliyetukanwa. Walioelewa walielewa. Mama alivumilia dharau ile bila kulipiza, alimpelekea ndugu yule mtori alipougua, lakini kuvumilia kwake hakukuwa kukosa nguvu, na mimi sikutaka vitukuu vyake wadhani bibi yao alikuwa mwanamke wa kukubali kila kitu. Upole wa Mama ulikuwa na mgongo ndani yake.

Usiku wa kuamkia mazishi mwenyekiti wa kamati aliniita pembeni. Karatasi zangu ni nyingi mno, akasema, fanya ukurasa mmoja, kuna salamu za viongozi na za vikundi. Nilimjibu kwa heshima, maana ni mkubwa wangu, kwamba Mama amekaa duniani miaka 87 na ninaomba dakika kumi na tano tu. Salamu ndizo zipunguzwe. Alinuna, lakini alikubali. Wapendwa, hapa msikubali kirahisi. Wageni wa heshima wanakaribishwa na wanashukuriwa, ila waliokuja kuzikwa si wao.

Basi nikasoma. Nilipofika kwenye ndoo za maji na mrututu, wanawake wa rika lake waliokuwa wamekaa viti vya mbele wakaanza kuitikia, kwanza mmoja, kisha wote, "Kweli! Kweli mwanangu!" Mmoja akainua viganja vyake juu. Yule jirani wa kibatari aliposikia jina la darasa lile alisimama kabisa, akasimama hivyo hivyo mpaka nilipomaliza sehemu ile. Vijana waliokuwa nje ya turubai wakichezea simu wakasogea. Baadaye watu waliomba nakala hadi zikaisha, tukatuma kijana Himo akachape nyingine, na mchungaji akaomba moja ibaki kwenye kumbukumbu za usharika. Nasema hili kwa furaha wala sifichi. Bibi yangu hakusomwa, lakini binti yake alisomwa.

Nikiwa bado na nafasi niseme na wale wanaodhani haya ni kujikweza, kwamba mwanamke mcha Mungu asifiwe kwa maneno machache ya kiroho. Kwenye mazishi ya mama zetu tunasomewa Mithali 31 karibu kila mara: "Mke mwema, ni nani awezaye kumwona? Maana kima chake chapita kima cha marijani." Wengi wanaishia hapo. Endeleeni kusoma. Sura ile haina "mpole" wala "mpenda watu". Ina sufu na kitani, ina kuamka kabla ya mapambazuko, ina biashara. "Huangalia shamba, akalinunua, kwa mapato ya mikono yake hupanda mizabibu." Na inafunga kwa kusema matendo yake yamsifu malangoni. Matendo yake! Roho wa Mungu hakuona aibu kuorodhesha kazi za mwanamke, sisi tunaona aibu ya nini?

Someni pia habari za Dorkasi, Matendo ya Mitume sura ya 9. Petro alipofika chumbani alipolazwa, wajane hawakumwambia kwamba marehemu alikuwa mkarimu. Walimwonyesha kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Walishika kitambaa mkononi wakamwonyesha mtume: hii alishona yeye. Mwandika wasifu wa mama ana kazi hiyo hiyo. Lete nguo. Lete ndoo, lete kadi ya ahadi, lete mkono uliofundishwa kuandika. Acha kuleta sifa zilizokwisha kuvaliwa na kila marehemu wa wilaya nzima. Na ninyi mabinti mnaopanga maua, sare na chakula cha msiba kwa miezi, mnashindwaje kutenga jioni moja ya kukaa na mama yenu na simu iliyowashwa kinasa sauti? Tunatumia fedha nyingi kwenye jeneza, na wasifu tunamwachia yeyote atakayekuwa na kalamu usiku ule. Mama aliyepiga magoti kutuombea alfajiri kwa miaka yote anastahili tumwandike tukiwa na akili timamu, machozi yakiwa bado hayajaanza.

Sasa nirudi kwako, mdogo wangu. Wewe una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Kanisa lenu la Moravian, tangu siku za Herrnhut kule Ujerumani katika karne ya 18, lina desturi ya muumini kuandika mwenyewe habari za maisha yake, akiwa hai, ili zisomwe siku ya kuzikwa kwake. Wanawake wa kawaida waliandika, watumishi wa ndani, wajane, wafumaji, wakaeleza utoto wao, ndoa zao, mashaka yao na jinsi Mwokozi alivyowashika. Kwa hiyo unapoketi kitandani kwa mama yako na daftari hufanyi jambo la kisasa wala la ajabu. Mwambie hivyo akikataa. Mwambie ni desturi ya kanisa lake mwenyewe.

Kama kuongea kunamchosha, asubuhi baada ya uji ndiyo saa nzuri. Uliza jambo moja, ukiona amechoka funga daftari. Akisema kwa Kinyakyusa andika kwa Kinyakyusa, kiswahili utakiweka baadaye. Mzee wako akiingilia na kutaka kusimulia yeye, mheshimu, mwandikie ukurasa wake kando. Mdogo wa mama yako, kama yupo, mfuate kabla ya mtu mwingine yeyote, umuulize walilala wapi wakiwa watoto na nani alikuwa mkorofi. Kaka zako wakikuuliza umefika wapi, waambie bado uko kwenye utoto.

Huo nusu ukurasa uweke pembeni. Anza na nyumba aliyozaliwa mama yako, kabla baba yako hajatokea, uandike hadi siku anaondoka kwao kuolewa. Ukishamaliza hapo nitumie, Jumapili jioni huwa nina nafasi ya kusoma.